Haiko kwenye Bajeti

(Maneno ya mweka hazina wa chama katika mkutano wa mwisho wa mwaka wa wanachama wanaoishi Dar es Salaam)



Najua nikishika kipaza sauti hapa watu huanza kuangalia simu. Mmenizoea kwa mapato na matumizi. Leo taarifa ya fedha mnayo mkononi ndani ya kijitabu, imekaguliwa, na mwenye swali anione wakati wa chakula, nitajibu hata kama nimeshika paja la kuku. Dakika zangu nimemwomba Mwenyekiti nizitumie kwa jambo jingine. Nataka niwasomee habari za barua moja.

Wiki tatu zilizopita mwalimu mmoja wa kule kwetu alituma picha mbili kwenye kundi letu la WhatsApp. Wengi mliziona, na wengi nadhani hamkuzifungua, maana siku ile kundi lilikuwa limejaa habari za mpira. Ni barua ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa mkono na binti aliyemaliza kidato cha nne, anakaa ndani ndani kutoka Sindeni, mahali ambapo ukishuka kwenye lami bado una mwendo. Nimeongea naye kwa simu. Ameniruhusu kueleza habari zake, ila jina lake ameomba likae kwanza mpaka kitabu chake kitoke. Namheshimu kwa hilo.

Binti huyu ameandika riwaya. Imemaliza madaftari manne, kalamu ya bluu, na pale kalamu ilipoisha kuna kurasa kumi na kitu za penseli. Mwezi wa kumi na moja muswada wake ulikamilika, ukachapwa kwa kompyuta, ukatolewa kopi, ukapelekwa kwenye mashindano. Matokeo bado. Lakini yeye hakungoja matokeo. Mwaka unaisha, akaona ashukuru, akakaa akaandika barua kwa wote waliomtia moyo, akampa mwalimu wake aisambaze kwa namna atakayoona inafaa.

Ndani ya barua wamo watu tisa. Nimewahesabu, ni ugonjwa wa kazi.

Wa kwanza ni bibi yake mzaa mama. Bibi hajui kusoma. Anasema kila jioni, wakati wa kupepeta au kumenya muhogo, bibi alikuwa akimwuliza, "Yule mtu wako leo amefika wapi?" Yule mtu ni mhusika wa riwaya. Kwa hiyo kila siku ilimbidi awe na la kujibu, na siku ambayo hakuandika aliona aibu kumwambia bibi kwamba mtu bado amekaa palepale alipokaa jana. Mimi nimefanya kazi na mameneja wa kila aina, na sijaona usimamizi uliozidi huo.

Wa pili mama yake. Mama alimwondolea zamu ya maji siku mbili kwa wiki. Hapa wasiotoka kwetu wanaweza kupita haraka, lakini ninyi mnajua siku mbili za maji Handeni ni nini. Mji wa Handeni kwa miaka mingi umetegemea bomba linaloleta maji kutoka mto Pangani upande wa Korogwe, ule mradi tuliokua tukiusikia kwa jina la HTM, na vijijini mmelelewa kwenye malambo na ndoo kichwani. Mama akisema leo usiende, maana yake ameenda yeye.

Kuna mwalimu wa Kiswahili aliyesahihisha madaftari yote manne baada ya saa za kazi. Kuna kaka yake anayebeba mizigo Kariakoo, aliyemtumia shilingi 10,000 na ujumbe wa maneno mawili: "Nunua kalamu." Kuna mwenye duka aliyemkopesha madaftari na hajamdai mpaka leo. Yupo rafiki yake aliyesoma sura ya mwisho akamwambia wazi kwamba ni ya uongo, watu hawaachani hivyo, akaenda akaiandika upya. Yupo mzee mmoja wa kijiji aliyemsimulia mambo ya kale, nitarudi kwake. Yupo konda wa Coaster ya Korogwe na Handeni aliyebeba madaftari yale mara mbili kwenda na mara mbili kurudi, bila nauli, akiyaweka kwenye dashibodi yasilowane. Na wa tisa ni mama mwenye steshenari pale Manundu, Korogwe, aliyechapa muswada wote kwa mkopo.

Hao ndio tisa. Nilirudia kuisoma barua mara ya pili, halafu ya tatu. Mhasibu akipewa orodha hatazami tu kilichomo, anatafuta kilichokosekana. Chama chetu hakimo.

Sasa ndugu zangu nifike mahali pagumu. Mwezi wa tatu mwaka huu, kwenye barua za maombi zilizoletwa kwa kamati, kulikuwa na ombi la binti huyu. Lilikuwa limeandikwa vizuri kuliko maombi mengi ninayoyapokea ofisini kwangu kutoka kwa watu wenye digrii. Aliomba shilingi 176,400. Aliambatanisha mchanganuo. Kuchapa kurasa 142 kwa shilingi 1,000 kila ukurasa, 142,000. Kutoa kopi mbili kwa shilingi 100 ukurasa, 28,400. Kubaindi nakala mbili kwa 3,000, jumla 6,000. Hakuweka nauli. Hakuweka chakula. Hakuongeza hata mia moja ya kujihami, na mimi nilishangaa, kwa sababu sijawahi kuona mchanganuo usio na mafuta.

Nilichukua kalamu nikaandika pembeni: "Haiko kwenye bajeti." Nikasaini. Ombi likaishia hapo. Kamati haikuliona, maana mimi ndiye ninayechuja. Kwa hiyo mkitaka kumlaumu mtu msimtafute Mwenyekiti wala Katibu. Aliyekataa ni mimi.

Nilipopata barua ya shukrani nilirudi kwenye faili. Mwezi uleule wa tatu, kifungu cha matumizi mengineyo, kuna vocha ya 238,000 kwa kukodi viti, soda na maji ya chupa kwa ajili ya kikao cha kamati. Watu kumi na wanne. Vocha imesainiwa na mimi, kalamu ileile. Ilikuwa kwenye bajeti.

Nasema haya mbele yenu kwa sababu kijitabu hiki kinasomwa hadi nyumbani, na binti ataisoma. Kwenye simu nimeshamwomba radhi. Alicheka, akaniambia, "Baba, mimi nilidhani barua haikufika." Alikuwa ametukadiria mema kuliko tulivyostahili.

Najua baadhi yenu mnawaza nini. Mzee mmoja, namheshimu sana, aliniambia kwenye kikao cha maandalizi: mwanangu, watoto wanakaa chini, darasa halina bati, zahanati haina kitanda cha kujifungulia, wewe unatuletea hadithi? Sina jibu la kumshinda. Bati ni bati. Madawati tuliyopeleka mwaka huu yapo, ukurasa wa picha mnauona, na sitaki hata dawati moja lipungue. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba mara zote tulizosema hivyo, fedha ya hadithi haikwenda kwenye bati. Ilikwenda kwenye soda.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini ombi lile lilinipita. Nadhani ni kwa sababu sisi tumezoea kumwona mwandishi kama mtu wa mbali, mtu wa vitabuni. Basi niwakumbushe mtu wa karibu.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, hapo kusini ya Tanga mjini. Ni mtu wa mkoa wetu. Kila aliyepita shule amemsoma, lakini watu hawajui alikuwa anakula kwa kazi gani. Alikuwa karani. Kuanzia mwaka 1926 alikuwa karani wa forodha, akakaa Pangani na vituo vingine vya pwani. Baadaye akawa karani Mpwapwa, halafu ofisi ya wilaya Tanga, halafu ofisi ya upimaji ardhi. Karibu maisha yake yote ya kazi alikuwa akijaza vitabu vya serikali mchana, na vya kwake anaviandika usiku. Mimi ninayeshinda na majedwali kutwa nzima nikifika nyumbani hata gazeti linanishinda. Yeye aliandika Kusadikika, akaandika Adili na Nduguze, akaandika wasifu wa Siti binti Saad, na mashairi yasiyohesabika.

Sasa, nani alikuwa upande wake? Alikuwa na mdogo wake, Yusuf Ulenge. Shaaban alimwandikia barua kwa miaka mingi, tangu 1931 hadi 1958, na mdogo mtu akazitunza. Fikirieni hilo kidogo. Wangapi hapa mnazo barua za kaka zenu za mwaka juzi, achilia mbali za miaka ishirini na saba? Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizitoa kuwa kitabu, Profesa Mulokozi akiwa mhariri, na leo tunaweza kumwona mwandishi yule akiwa mtu wa kawaida mwenye kaya, kazi na shida ya fedha. Na huyo mdogo mtu naye akaandika, hadithi zake zipo, Nguzo ya Maji. Ndugu wawili wanaandikiana barua, ukija kuangalia mwisho wake una waandishi wawili.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Vitabu vyake vimesomeshwa nchi nzima na nje ya nchi.

Lakini hata huko Tanga ni mbali. Tuje nyumbani kabisa, na hapa namrudia yule mzee wa kijiji aliyemsimulia binti mambo ya kale.

Alichomsimulia ni habari ya Mbegha. Wazigua na Wasambaa mliomo humu mnajua, na mkianza kubishana ni wa kwenu au wa kwao hatutakula leo. Mbegha mwindaji wa nguruwe, mtoto wa Ungulu, aliyeitwa kigego kwa sababu meno ya juu yalitangulia kuota, akanyimwa urithi na ndugu zake, akaondoka na mbwa wake. Akapita Kilindi, hapo hapo palipokuwa Handeni kabla haijawa wilaya yake yenyewe, akapanda milima, akawagawia watu nyama, mwisho akatawala Vuga. Wazee wetu wameisimulia hiyo kwa vizazi. Lakini tunaijua kwa ukamilifu ule kwa sababu kuna mtu aliikalisha chini. Anaitwa Abdallah bin Hemedi. Aliishi miaka mingi na Wakilindi, alikuwa kwa Semboja pale Mazinde. Mazinde hii ya Korogwe, mnayoipita mkienda Same, mkiwa mnasinzia ndani ya basi. Akaandika kwa Kiswahili kitabu kinachoitwa Habari za Wakilindi, na wamisionari wa UMCA kule Magila, Muheza, wakakichapa kwa sehemu, miaka ile ya Wajerumani.

Mimi nikisikia habari kama hiyo, swali langu linakuwa lile la kazi yangu: karatasi ilinunuliwa na nani? Wazee walitoa maneno. Abdallah alitoa mkono na macho yake. Lakini isingekuwepo mashine ya kuchapa, na mtu aliyekubali kwamba wino utumike kwa habari za watu wa milimani na siyo kwa vitabu vya ibada peke yake, tusingekuwa nacho. Kitabu kinachotueleza sisi ni nani kilipatikana kwa sababu mtu mmoja aliweka kitu kwenye bajeti.

Na riwaya ya binti, nimeisoma kwa usiku mbili, inaanza na msichana anayeitwa kigego na shangazi zake. Siwaelezi zaidi.

Nitoke kidogo kwenye hoja, mnisamehe. Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja Korogwe. Tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili mwenye kifua, akikohoa darasa zima linangoja. Siku moja alinikuta naandika hadithi nyuma ya daftari la hesabu. Nilidhani nitachapwa. Akalichukua, akaenda nalo. Kesho yake akanirudishia daftari la hesabu na juu yake kauntabuku mpya, akasema, "Hesabu ziache zikae na hesabu, hadithi ziweke humu." Kauntabuku kwa mshahara wa mwalimu wa miaka ile, mwenye watoto sita.

Nililijaza. Nikaanza la pili. Halafu ikaja mitihani, ikaja Mzumbe, ikaja kazi, nikaacha. Hakuna aliyeniachisha. Mwaka 2007 nilikutana naye stendi ya Korogwe, amestaafu, anasubiri gari la kwenda Magoma. Akaniuliza, "Bado unaandika?" Nikamjibu kwa utani wa kijinga wa mtu aliyepata kazi mjini: "Naandika vitabu vya hesabu, mwalimu." Akacheka mpaka akakohoa. Gari lake likaja. Sikumwambia asante. Nilikuwa nimejiwekea kwamba nitakwenda Magoma siku moja, niende na kitu. Alifariki miaka miwili baadaye, na habari nilizipata mwezi mzima baada ya maziko.

Ile kauntabuku ninayo. Ndiyo maana binti huyu alipoandika watu tisa, akawataja mmoja mmoja angali yuko nao, nilishindwa kula chakula cha usiku.

Basi, turudi kwenye fedha, naona Mwenyekiti anaangalia saa.

Kamati imekubali, na leo naomba mkutano uridhie, kuwe na kifungu kipya kwenye bajeti ya mwaka ujao. Kinaitwa Miswada na Vitabu. Jumla yake shilingi 3,000,000. Nimeigawa hivi: kuchapa, kutoa kopi na kubaindi miswada kumi na miwili kwa wastani wa 180,000, ni 2,160,000; nauli na kutuma, 240,000; na vitabu vya kusoma kwa shule nne, mbili Handeni na mbili Korogwe, 150,000 kila shule, 600,000. Vitabu vya hadithi na mashairi, msitupelekee vitabu vya marejeo ya mitihani, hivyo wanavyo. Huwezi kumwambia mtoto aandike riwaya kama hajawahi kushika hata moja. Pelekeni Shaaban Robert, pelekeni Kezilahabi, pelekeni Ngoswe ya Edwin Semzaba, naye ni mtoto wa mkoa wetu wa Tanga.

Miswada kumi na miwili ni mingi? Nilifikiri hivyo pia. Tangu barua ile isambae, walimu watatu wamenipigia simu. Mmoja ana kijana Mombo anayeandika mashairi kwenye simu mbovu, kioo kimepasuka, hana hata pa kuyahamishia. Mwingine ana wanafunzi wawili Kabuku wanaoandika mchezo wa kuigiza. Wapo. Hawakuwa wanatuandikia kwa sababu sisi ni chama cha bati.

Na milango ipo kuliko zamani. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na washindi hutangazwa tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu. Za kwanza zilitolewa mwaka 2023. Ipo na ile ya fasihi ya Kiafrika inayotolewa kwa miswada ya Kiswahili, iliyoanza kwa jina la Mabati na Cornell, ambayo Watanzania wameshaichukua zaidi ya mara moja. Mtoto wa kwetu hashindwi kwa sababu hana la kusema. Anakwama pale kwenye shilingi 1,000 ya ukurasa.

Jambo la pili halitagharimu chama hata senti. Mtoto akipata mchapishaji ataletewa mkataba. Hapo ndipo waandishi wengi wamelizwa. Mtu anapewa laki tatu mkononi, anasaini, kumbe ameuza kazi yote moja kwa moja, kitabu kinaendelea kuuzwa yeye anauza machungwa Mkata. Ajue kuna kitu kinaitwa mrabaha, sehemu yake katika kila nakala inayouzwa. Ajue sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, yaani wajukuu zake wanaweza kula kwa kitabu kile. Ajue akitaka kuchapa mwenyewe anaomba namba ya ISBN Maktaba Kuu ya Taifa, hapahapa Dar es Salaam. Mimi na mwanachama mwenzangu mmoja ambaye ni wakili, amekaa pale karibu na feni, tumejitolea kusoma mkataba wa mtoto yeyote wa Handeni na Korogwe kabla hajasaini. Bure. Alete tu nakala, hata picha ya simu, mradi kurasa zote ziwemo. Wanapenda kuficha ukurasa wa tatu.

Tuko wanachama 150 waliolipa ada. Elfu ishirini kila mmoja inatosheleza kifungu chote bila kugusa bati wala madawati. Mwenye zaidi asijizuie, mwenye elfu tano pia nitamwandikia risiti, na sitaitazama kwa jicho lingine. Bahasha za kijani ndizo za kifungu hiki. Bahasha nyeupe ni za harambee kuu, tafadhali msizichanganye, nitakesha nazitenganisha.

Kuhusu kifungu cha matumizi mengineyo, kuanzia Januari vikao vya kamati tutakunywa maji ya jagi. Katibu amenuna lakini amekubali.

Mwisho, hesabu ya binti mwenyewe. Muswada ulichapwa kwa mkopo, niliwaambia. Kaka yake wa Kariakoo na mwalimu wake wamelipa kidogo kidogo, 112,000 mpaka sasa. Katika 176,400, mama wa steshenari bado anadai 64,400. Nimeongea naye, hakuwa na haraka, alisema angengoja hata mwakani. Anao watoto wanaofungua shule Januari kama mimi na wewe. Jumamosi nakwenda nyumbani kwa likizo, nitashuka Manundu kwanza kabla ya kupanda Coaster. Hiyo 64,400 natoa mfukoni kwangu, haitaingia kwenye vitabu vya chama, na risiti nitaichukua kwa jina la binti. Halafu nitapitia Sindeni. Bibi yake ameniahidi bada na kisamvu, na mimi nina swali langu la kumwuliza, maana sura ya kumi na moja yule mtu anavuka mto halafu haonekani tena.

Bahasha za kijani ziko mezani kwa yule dada mwenye kitenge cha njano.